Sehemu ya 4: Mustang na Corsair, ndege ipi ilimrudisha rubani nyumbani?

Wale wenye watoto wanaochora ndege kwenye kila daftari la shule, leo ni zamu yenu. Baada ya sehemu ya 3 mama mmoja aliniandikia: eti mwanangu anabisha kwamba Mustang ndiyo ndege bora ya kivita ya pangaboi kuliko zote, ni kweli? Nikamjibu ni kweli, ila inategemea umeituma kazi gani. Jibu lenyewe ni refu, kwa hiyo mlaze mtoto kwanza.

Mustang P-51 ya Marekani ilipata jina kwa kusindikiza. Ndege kubwa za mabomu zilikuwa zikienda Ujerumani na kuangushwa vibaya sana, kwa sababu ndege nyingi ndogo za kuzilinda ziliishiwa mafuta zikarudi njiani. Machi 1944 Mustang zikaanza kufika nazo hadi Berlin na kurudi. Huko juu sana angani, adui ni ndege mwenzako, na Mustang ilikuwa na mbio. Injini yake ya silinda 12 ilipozwa kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, na rejeta ilikaa chini ya tumbo. Ikumbukeni hiyo rejeta.

Juni 1950 vita vikazuka Korea. Ndege za jeti zilishakuwepo, lakini zile za mwanzo ziliruka kutoka Japani, zilikunywa mafuta mno na hazikuweza kukaa muda mrefu juu ya uwanja wa vita. Basi Marekani ikarudi stoo. Julai manowari Boxer ilivuka Pasifiki ikiwa na Mustang 145.

Safari hii kazi ilikuwa nyingine kabisa: kuruka chini chini na kupiga malori, vifaru na askari kwa mabomu na roketi. Ukiruka chini, kila mwenye bunduki anakupiga. Risasi moja tu ikipenya rejeta au bomba lake, maji yanavuja, injini inachemka, na baada ya dakika chache inakwama. Wanaokuja kliniki kwangu mnajua ninavyowasumbua kuhusu mtoto anayeharisha. Moyo wake ni mzima, mapafu ni mazima, kilichoisha ni maji, na usipowahi unampoteza. Mustang nayo ilikufa hivyo.

Waafrika Kusini wanalijua hili. Kikosi chao cha 2 kiliruka na Mustang kule Korea na kupoteza zaidi ya ndege 70 za aina hiyo, nyingine kwa ajali. Katika vita vile vyote kilipoteza marubani 34. Ndege iliyofaa zaidi kwa kazi hiyo ilikuwepo, Thunderbolt, lakini zilizobaki zilikuwa chache. Mustang ndizo zilizokuwa tele. (Nasi wodini tunatumia kilichopo, siwalaumu sana.)

Corsair je? Wala haikuwa ndege mpya. Iliruka mara ya kwanza Mei 1940, Mustang Oktoba mwaka huohuo. Ila injini yake ya silinda 18 ilipozwa kwa upepo, haikuwa na rejeta ya maji ya kutobolewa. Iliweza kupigwa silinda na bado ikakurudisha. Kwa kazi ya chini mimi naipa Corsair, bila kusita. Lakini nayo ilikuwa na pa kuvuja: vipozea oili vilikaa kwenye mashina ya mabawa, na ndiyo maana toleo la AU-1, la kushambulia ardhini, vilihamishiwa ndani.

Jesse Brown alikuwa akirusha Corsair. Kijana wa miaka 24 kutoka Mississippi, mtoto wa wakulima, Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya urubani ya jeshi la majini la nchi hiyo. Nyumbani alimwacha mkewe Daisy na binti yao mdogo. Tarehe 4 Desemba 1950, karibu na bwawa la Chosin, ndege yake ilipigwa kutoka chini, ikaanza kuvuja na kuishiwa nguvu. Akatua kwa tumbo kwenye theluji mlimani. Alikuwa hai, akawapungia mkono wenzake, lakini mguu ulikuwa umebanwa na vyuma.

Mwenzake Thomas Hudner, mzungu, aliiangusha Corsair yake mwenyewe makusudi kando yake. Akawa anarushia theluji kwenye injini inayofuka moshi, kwa mikono. Helikopta ikaja na shoka, shoka halikufua dafu. Baridi ilikuwa kali, Jesse akapoteza fahamu, giza likaingia, na helikopta isingeweza kuruka usiku milimani. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa Hudner amwambie Daisy kwamba anampenda.

Aprili 1951 Rais Truman alimvalisha Hudner nishani ya juu kabisa ya ushujaa, Daisy akiwa pale pale anatazama. Mwaka 2013, akiwa na miaka 88, Hudner alikwenda Pyongyang kuomba mabaki ya Jesse yatafutwe. Alifariki 2017 kabla hayajapatikana.

Sehemu ya 5 tutaongea Skyraider. Naingia zamu ya usiku, maswali nitajibu asubuhi.