Kipofu aliyewapa vipofu kalamu

Katika parokia zetu twawajua vipofu. Twawaona wakishikwa mkono kuingia kanisani, twawasikia wakiimba nyimbo zote bila kitabu. Lakini ni wachache kati yetu waliojiuliza: mtoto asiyeona akipelekwa shuleni atasoma kwa kitu gani, na ataandika namna gani? Jibu lilipatikana nchi ya Ufaransa, yapata miaka mia mbili iliyopita, nalo halikutoka kwa mwenye macho.

Wa kwanza kujaribu alikuwa na macho, naye tusimdharau. Valentin Haüy alikuwa mtu mwenye elimu wa mji wa Paris. Mwaka 1784 alimchukua François Lesueur, kijana kipofu aliyekuwa akiombaomba, akaanza kumfundisha kusoma kwa vidole. Mwaka 1785 akafungua shule. Siku zile watu walidhani kwamba kipofu hafundishiki. Haüy alikandamiza herufi za kawaida katika karatasi nene hata zikainuka kama kovu juu ya ngozi, na wanafunzi wakazipapasa. Wageni waliokuja kutazama walistaajabu sana. Lakini herufi zile zilitungwa kwa ajili ya jicho. Kidole huizunguka o, hurudi nyuma, huuliza kama si c wala q, na mstari haujaisha jua limekwisha panda. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito. Tena kulikuwa na upungufu mkubwa kuliko huo: mwanafunzi aliweza kusoma, lakini kuandika barua yake mwenyewe hakuweza.

Sasa twende kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Hapo alizaliwa Louis Braille tarehe 4 Januari 1809. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, mshonaji wa hatamu na matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu alichezea chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Kidonda kikaoza, ugonjwa ukavuka mpaka jicho la pili, na alipofika miaka mitano hivi hakuona tena kitu. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, alimfundisha mwenyewe, kisha mwalimu wa kijiji akakubali akae darasani pamoja na watoto wenye kuona. Alishika masomo kwa masikio tu. Mwaka 1819, akiwa na miaka kumi, akapelekwa shule ya vipofu ya Paris.

Nyumba ya shule ilikuwa seminari ya zamani, Saint-Firmin, pale mapadri wengi walipouawa mwezi wa Septemba 1792 wakati wa mapinduzi. Ilikuwa nyumba mbovu yenye unyevu mwingi. Louis alikaa humo miaka mingi, na kifua kikuu kilichomwua hapo baadaye wengi wanadhani alikipata mlemle.

Mwaka 1821 maandishi ya Charles Barbier, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la mizinga, yalifika shuleni. Barbier aliacha umbo la herufi kabisa, akatumia nukta zilizoinuka. Kidole huifahamu nukta upesi kuliko mstari, na mtu aweza kuitoboa mwenyewe kwa chuma chenye ncha. Ila alama moja ilikuwa na nukta hata kumi na mbili, ndefu kuliko ncha ya kidole. Tena alama zake zilishika sauti za maneno tu, si herufi. Mtoto hakuweza kujifunza kuandika maneno jinsi yanavyoandikwa vitabuni, wala kuandika hesabu.

Louis alizipunguza nukta zikawa sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Ncha ya kidole huzigusa zote mara moja. Kwa nukta sita zapatikana alama 63. Herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu tu. Ongeza nukta ya chini upande wa kushoto, wapata kumi zinazofuata. Mwandishi hutoboa karatasi kwa nyuma, akianza kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza na kusoma kushoto kwenda kulia. Mwaka 1824, alipokuwa na miaka kumi na mitano, kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kueleza namna ya kuandika maneno, muziki na nyimbo za Kilatini za kanisani kwa nukta. Naye alikuwa mpiga kinanda katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs. Na kitabu chenyewe, tazameni, kilichapwa kwa zile herufi za kuinuka, maana ndizo shule ilizokuwa nazo.

Wanafunzi walizipenda nukta mara moja. Wakubwa walisitasita. Walisema: kipofu akiandika kwa nukta, nasi tusome nini? Atatengwa na watu. Neno hilo si la kipumbavu, na Braille hakulipuuza: mwaka 1839 alitoa namna nyingine ya kutoboa umbo la herufi za kawaida, ili kipofu aweze kuwaandikia wenye macho, na rafiki yake Foucault, kipofu pia, akaiundia mashine. Lakini wenye kupima walikuwa wakipima kwa macho yao wenyewe. Mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, Dufau, naye akaleta herufi za kuinuka za mtindo mwingine, nukta zikakatazwa. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri. Msaidizi wake, Guadet, alipoona hayo akamshawishi, na mwaka 1844, shule ilipofungua nyumba mpya, nukta za Braille zilisifiwa mbele ya watu wote. Braille alikufa tarehe 6 Januari 1852. Serikali ya Ufaransa ilizikubali nukta zake mwaka 1854.

Huko Marekani walibishana muda mrefu zaidi, kila shule ikishika nukta zake, na wapatanishi wa Kiingereza hawakumaliza kazi mpaka mwaka 1932. Aliyetaabika ni kipofu, aliyelazimika kujifunza alfabeti mbili au tatu ili asome vitabu vya lugha moja.

Siku hizi kuna kompyuta zenye kusema kwa sauti, na vibao vyenye visindano vidogo vinavyopanda na kushuka chini ya vidole. Visindano hivyo huandika nukta zile zile. Na Kiswahili, kwa kuwa chaandikwa kwa herufi za Kilatini, hakikuhitaji kutungiwa alfabeti mpya. Watu wa Tanzania huyaita maandishi hayo nukta nundu. Herufi moja tu haikai katika mpango wake. Wafaransa wa wakati ule hawakuwa na haja kubwa ya w, kwa hiyo Braille hakuipa nafasi katika safu zake, ikaongezwa baadaye, nayo ni alama ya j yenye nukta moja zaidi. Mtoto wetu asiyeona aiandika kila mara aandikapo watoto, wazazi, au walimu.