Maji Mengi, Maji Machache, na Swali la Kubatizwa Tena

Katika sharika zetu swali hili halikosi. Mkristo aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga anahamia mji mwingine, anaanza kusali na kanisa jingine, na huko anaambiwa kwamba yale maji machache ya kichwani hayakuwa ubatizo. Anakubali, anazamishwa mtoni. Habari zikifika nyumbani, mama yake anaumia, maana anaona kana kwamba sala alizomwombea siku ile zimehesabiwa bure. Naye kijana hakukusudia kumdharau mama. Alitaka kumtii Bwana.

Wengi wetu hudhani ugomvi huu ni wa kiasi cha maji. Tukirudi nyuma katika historia ya Kanisa tunaona vingine. Maji yenyewe hayakuwagawa Wakristo wa kale sana. Kilichowagawa ni swali hili: ubatizo uliotolewa na wale tusiokubaliana nao, je, ni ubatizo?

Tuanze na kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kinaagiza watu wabatizwe katika maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine yanafaa. Baridi ikizuia, hata ya moto yatumike. Na maji yakiwa haba, yamiminwe kichwani mara tatu kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Wakristo wale walikuwa na njia waliyoipenda zaidi, lakini hawakumfungia mlango mtu aliyeishi mahali pasipo na mto.

Ugomvi mkubwa ulizuka Afrika ya Kaskazini, katika mji wa Karthago, nchi ya Tunisia ya leo. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwalazimisha watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma, na Wakristo wengi walianguka kwa hofu. Mateso yalipopungua, Kanisa likagawanyika juu ya namna ya kuwapokea walioanguka. Huko Roma, padri Novatian alikataa kabisa wasamehewe, akaanzisha kanisa lake, akabatiza watu. Baadaye baadhi ya hao walitaka kujiunga na Kanisa la wote. Wapokelewe vipi?

Sipriani, askofu wa Karthago, alisema wabatizwe, kwa kuwa nje ya Kanisa hakuna ubatizo. Kwake huko si kubatizwa mara ya pili, bali mara ya kwanza. Mwaka 256 maaskofu zaidi ya 80 walikutana Karthago wakakubaliana naye. Lakini Stefano, askofu wa Roma, alisema wawekewe mikono tu. Wawili hao walishindana kwa maneno makali. Stefano alifariki mwaka 257, na mwaka uliofuata Sipriani akakatwa kichwa kwa ajili ya Kristo, kabla swali halijaamuliwa.

Jambo la kushangaza ni hili. Sipriani huyohuyo aliulizwa kuhusu wagonjwa waliobatizwa kitandani kwa kumiminiwa maji: je, ni Wakristo kamili? Alijibu kwamba ni Wakristo kamili, kwa maana neema ya Mungu haipimwi kwa wingi wa maji. Alikuwa mkali kuhusu nani abatize, si kuhusu maji kiasi gani.

Mwaka 314 mtaguso wa Arles, katika nchi ya Ufaransa ya leo, uliamua kwamba anayetoka kwa wazushi aulizwe imani aliyobatiziwa. Akiwa amebatizwa kwa jina la Utatu, awekewe mikono tu. Baadaye Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini naye, alieleza sababu yake: mwenye kubatiza ni Kristo mwenyewe, na udhaifu wa mtumishi hauwezi kuiharibu kazi yake.

Swali lilirudi kwa ukali Zürich, Uswisi. Tarehe 21 Januari 1525, katika nyumba ya Felix Manz, Conrad Grebel alimbatiza Georg Blaurock, mtu mzima aliyebatizwa utotoni. Hakumzamisha; alimmiminia maji. Hoja yao ilikuwa imani: anayebatizwa lazima aamini na akiri mwenyewe. Maadui waliwaita Waanabaptisti, yaani wanaobatiza tena, jina walilolikataa, maana waliona cha utotoni hakikuwa ubatizo. Baraza la mji liliweka adhabu ya kifo kwa kutoswa majini, na tarehe 5 Januari 1527 Manz alitoswa katika mto Limmat. Walutheri nao, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, waliwalaani watu hao.

Hata leo kiasi cha maji hakifuati imani moja kwa moja. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana kwa kawaida humimina maji, na hubatiza watoto. Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste huzamisha, na hubatiza wanaoamini tu. Lakini Waorthodoksi huzamisha mara tatu, tena watoto wachanga. Na Wamennonite wengi, warithi wa Waanabaptisti, hubatiza waaminio kwa kumimina.

Mwaka 1982 huko Lima, Peru, Tume ya Imani na Utaratibu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ilikubaliana kwamba ubatizo haurudiwi. Mwaka 2007 huko Magdeburg, Ujerumani, makanisa 11 yalitia sahihi kutambuana ubatizo. Wabaptisti na Wamennonite hawakutia sahihi, kwa sababu ileile ya mwaka 1525. Tofauti bado ipo, wala si ndogo.

Hata hivyo, mwaka 2010 huko Stuttgart, Shirikisho la Kilutheri Duniani, ambalo KKKT ni mwanachama wake, liliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite kwa mateso waliyotendewa. Nasi tunao ndugu hao karibu: wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934.

Basi, ndugu, mtu akija kwetu kutoka kanisa jingine, tumwulize kwanza kama walivyouliza Arles: ulibatizwa kwa jina la nani, na katika imani gani? Mchungaji wetu na azungumze na mchungaji wake wa zamani. Na kijana akiondoka kwetu akazamishwa kwingine, tusimfute midomoni mwetu. Aliyemkiri mtoni ni Kristo yuleyule ambaye mama yake alimkiri kwa niaba yake, na mama anahitaji kuambiwa hivyo.