Poseidon na mji uliozama usiku mmoja

Usiku mmoja wa majira ya baridi, mwaka 373 KK, tetemeko la ardhi liliuangusha mji wa Helike, kaskazini mwa Peloponnese nchini Ugiriki. Mji ulikuwa kama kilomita 2 kutoka ufukweni, lakini bahari ilipanda ikaufunika wote. Mwanajiografia wa kale Strabo anasimulia kwamba watu 2,000 waliotumwa kuopoa maiti walishindwa.

Wagiriki wengi hawakuwa na shaka ni kazi ya nani. Poseidon alikuwa mungu wa bahari, na ndiye huyo huyo aliyetikisa ardhi. Helike kulikuwa na hekalu lake mashuhuri. Ilisemekana kwamba Waionia wa Asia Ndogo, ambao wazee wao walitokea huko, walituma wajumbe kuomba sanamu ya mungu huyo, au angalau mfano wa hekalu wakajenge la kwao. Wenyeji wakakataa, na haukupita muda maangamizi yakawafika.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwanazuoni Eratosthenes alifika hapo. Wavushaji walimweleza kuwa sanamu ya shaba ya Poseidon ingali imesimama majini, mkononi imeshika farasi wa baharini, na kwamba ni hatari kwa nyavu za wavuvi.

Wapo wanaoviona visasili hivi kuwa ujinga wa watu wa kale. Huko ni kuwaonea. Ugiriki ni nchi ya visiwa na pwani, na mara nyingine ardhi inapotikisika bahari nayo huchafuka. Naamini waliolikabidhi tetemeko kwa mungu wa bahari walikuwa wameliona hilo kwa macho yao, wakalihifadhi katika hadithi ambayo hata mtoto angeikumbuka.

Wala hadithi haikuwafunga akili. Mwanafalsafa Thales wa Miletus, katika karne ya 6 KK, alifundisha kuwa dunia inaelea juu ya maji na hutikisika kama chombo baharini. Watu wa Thessaly waliposema kwamba Poseidon ndiye aliyepasua bonde la Tempe ili mto Peneus upate njia, mwanahistoria Herodotus hakuwabeza. Alisema tu kwamba yeye alipolitazama aliona kazi ya tetemeko. Mwanahistoria mwenzake Thucydides naye, akieleza jinsi bahari ilivyokupwa ghafla kisha ikavamia pwani ya Euboea mwaka 426 KK, alitaja tetemeko kuwa ndicho chanzo, bila kumgusa mungu yeyote.

Leo tunajua kinachoitikisa nchi hiyo: bamba la Afrika linazama taratibu chini ya eneo la Aegean, na magharibi mwa Ghuba ya Korintho, ilipokuwa Helike, kingo za ghuba zinaachana kwa zaidi ya sentimita 1 kila mwaka.

Mwaka 2001, timu ya mwanaakiolojia Dora Katsonopoulou na mwanasayansi Steven Soter ilifukua mabaki ya Helike karibu na kijiji cha Rizomylos. Yalikuwa nchi kavu, chini ya matope ya ziwa la pwani lililokauka zamani. Waliyapata kwa kuyasoma upya masimulizi ya kale, yale yale yenye hasira ya Poseidon ndani yake. Anayeitupa hadithi kwa sababu ina mungu ndani huitupa pamoja na ushahidi iliyoubeba.