Kutoka "Pumzika" Hadi "Washa Kamera, Tuanze"

Hivi wewe humwambia nini kijana mwenzako aliyemaliza matibabu ya saratani? Wengi wetu husema: "Pole sana, pumzika." Ni maneno ya upendo, na hata madaktari waliyasema kwa miaka mingi. Lakini historia inaonyesha kwamba ushauri huo ulikuwa na kasoro.

Tuanzie Kanada, mwaka 1980. Kijana Terry Fox, aliyekatwa mguu mwaka 1977 kwa sababu ya saratani ya mfupa, alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia akichangisha fedha za utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka ugonjwa uliporudi mapafuni. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 22. Mbio zile hazikuwa utafiti, ila dunia iliona mgonjwa wa saratani asiyelala kitandani.

Utafiti nao ulikuwa njiani. Huko Ohio, Marekani, muuguzi Maryl Winningham na wenzake waliwapandisha baiskeli za mazoezi wanawake waliokuwa bado wanapata dawa kali za saratani ya matiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha nguvu zao ziliongezeka.

Kisha mwaka 1996, mjini Vancouver, daktari Don McKenzie aliwaingiza wanawake 24 waliougua saratani ya matiti kwenye mtumbwi mmoja, wakapiga makasia. Wakati huo iliaminika kuwa kazi nzito ingewavimbisha mikono. Hakuna aliyevimba! Tena walipata kitu kingine: wenzao.

Hapo ndipo vijana walipokwama. Wenye saratani kati ya miaka 15 na 39 ni wachache katika kila hospitali. Mmoja yuko chuoni, mwingine kazini mji wa mbali. Kundi litatoka wapi?

Mwaka 2020 korona ilifunga kumbi za mazoezi, na madarasa mengi yakahamia kwenye video. Ghafla kijana aliyekuwa peke yake mjini kwake akawaona wa rika lake, wenye makovu kama yake, wakihema pamoja kwenye kioo.

Si dawa ya kila kitu. Mwalimu wa mbali hawezi kukudaka ukianguka, na dawa kama doxorubicin huweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo daktari akupime kwanza.

Lakini faida si hisia tu. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana. Baada ya miaka minane, takriban asilimia 90 ya waliosimamiwa mazoezi walikuwa hai, dhidi ya asilimia 83 ya waliopewa maelezo ya afya tu.

Basi jamani, "pole" tuendelee kuisema. Ila tuongeze: "Kesho saa ngapi tufanye mazoezi?"