Muvi Zinaganda, Picha Ziko Nusu Kijivu? Usifomati Hadi Diski Kabla Ucheki Kontrola

Tuseme uko Muthetheni, pale Mwala, na kibanda chako sokoni ni cha kuuza muvi na kuprinti picha. Mteja anakuja kuchukua picha za ntheo ya dadake. Ulizikopi juzi kutoka kwa kamera. Unafungua: juu iko fiti, chini kijivu tupu. Maboyz watakushow ni virusi, fomati. Tulia kwanza.

Diski haiongei na mashine moja kwa moja. Katikati kuna kontrola, chipu ya kupitisha data. Kwa kompyuta iko kwa mazabodi. Kwa diski ya nje ni kale kabodi kadogo ndani ya keisi. Ikipigwa na stima ya kupanda na kushuka, ama ikizeeka na joto, inaweza kubadilisha data ikipita na isikwambie kitu. Yaani barua ni nzuri, mjumbe ndiye anageuza maneno.

Ndio maana chkdsk ni noma hapa. Inaamini chenye kontrola imesoma, alafu inaandika "marekebisho" kupitia kontrola hiyo hiyo. Folda ilikuwa nzima, sasa imekufa ukweli. Usiandike chochote kwa hiyo diski.

Shusha CrystalDiskInfo, ni ya bure. Namba 05 na C5 zikiendelea kupanda, diski yenyewe ndio inaenda. C7 ikipanda, data inaharibikia njiani, so badilisha kebo ya SATA kwanza, hiyo ni kazi ya dakika mbili. Zote zikiwa poa na bado faili zinaharibika, shuku kontrola ama RAM.

Pima hivi: chagua muvi moja kubwa kwa diski, uandike certutil -hashfile muvi.mp4 SHA256. Utapata mstari wa herufi na namba 64. Ristati mashine, urudie. Usiruke kuristati, juu Windows huweka faili kwa RAM na utakuwa unasoma kopi. Faili haijaguswa, kwa hivyo mstari lazima ufanane. Ukibadilika, kuna mtu njiani anadanganya. Acha Memtest86 ipime RAM usiku, stima ikikubali. RAM ikipita, beba diski kwa mashine ya beshte, na kebo tofauti.

Hapo ndio utajua kama umeponea. Picha zikifunguka sawa, data ilikuwa inasomwa vibaya tu. Kopi zote hapo hapo kwa diski nyingine. Zikibaki kijivu, ziliandikwa zikiwa zimeharibika, na hakuna programu itazirudisha. Pigia mwenye kamera haraka kabla afute memori kadi.

Diski ya nje unaweza kuitoa kwa keisi na kuichomeka kwa SATA, lakini si zote. WD My Passport nyingi hufunga data kwa usimbaji ndani ya kabodi, hata kama hukuweka paswadi. Na fundi akitaka kubadilisha bodi ya diski yenyewe, muulize kama atahamisha chipu ya ROM. Akishangaa, chukua diski yako uende.

Na usidhani ni mashine za bei rahisi pekee. Januari 2011 Intel walikubali chipu zao za Sandy Bridge zilikuwa na hitilafu: matundu ya SATA namba 2 hadi 5 yangedhoofika na wakati. Walikadiria kurekebisha kungekula dola milioni 700. Nyingi zilirudishwa, lakini ukinunua mtumba wa kizazi hicho, chomeka diski kwa tundu namba 0 ama 1.