Daftari la Mjengo

Shosho wangu huweka daftari lake ndani ya sufuria iliyotoboka, juu ya kabati, mahali panya hawafiki. Ni daftari la kawaida la shule. Jalada lake lilishang'oka na kurasa zimegeuka rangi ya chai. Ndani hakuna mashairi wala siri. Kuna orodha tu: simiti mifuko 4, mchanga nusu lori, misumari kilo 2, fundi amelipwa, fundi hajakuja, mvua. Nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha historia nilichopewa shuleni. Mwaka jana lilitolewa kwenye sufuria mbele ya familia nzima, kwa sababu nyumba linayoihesabu ilikuwa karibu kuuzwa.

Nyumba iko Dandora. Watu wa rika langu wakisikia jina hilo wanawaza jaa la taka, au wale vijana wa hip hop waliolifanya lijulikane. Lakini mtaa wetu ulianza kama jaribio. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya ilikopa pesa kutoka Benki ya Dunia ili Halmashauri ya Jiji la Nairobi itengeneze ploti zipatazo 6,000 za watu wa kipato kidogo. Ploti ndogo ilikuwa mita 100 za mraba, kubwa 160. Jiji lilileta barabara, maji na mabomba ya maji taka, na kwenye kila ploti likajenga choo na bafu. Kwenye ploti nyingi, basi. Vyumba ulijenga mwenyewe, na kulikuwa na mkopo mdogo wa kununua vifaa. Walioomba walikuwa wengi kuliko ploti, kwa hivyo ikapigwa kura. Guka akapata.

"Tulienda kuiona na babako mgongoni," Shosho huniambia. "Uwanja mzima wa vyoo. Hakuna nyumba hata moja. Guka wako akasema, sasa hapa tutakuwa tukiamka chooni!" Walicheka, halafu wakalia.

Kwa nini walie? Lazima turudi nyuma kidogo. Nairobi ya mkoloni haikutaka familia ya Mwafrika. Mwanamume alihesabiwa kama mfanyakazi wa kupita tu: abebe kipande, alale kwenye kitanda cha kubanana na wenzake, kazi ikiisha arudi kwao mashambani. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilipangwa kwa hesabu ya vitanda. Mke na watoto hawakuwa kwenye hesabu hiyo.

Hata hivyo watu walijenga. Pangani ya zamani, na Pumwani iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, zilikuwa na nyumba za udongo na fito zilizosimamishwa na wenyeji wenyewe. Nyingine ziliezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi, na kodi ya vyumba ndiyo iliyowaweka mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa, na wengine wakahamia Shauri Moyo. Kwa hivyo Guka, ambaye babake alizeeka Nairobi bila kuwa na mlango wake, alipopewa ploti yenye choo kimoja, aliona kitu ambacho mzee wake hakuwahi kukiona.

Shida ilikuwa pesa. Kontrakta wa kuwajengea hawangemweza. Baadhi ya majirani walianzisha vikundi vya ujenzi: mnachanga, mnamjengea mmoja, halafu mnahamia kwa mwingine, kama chama cha leo. Shosho na Guka waliamua kuwa kontrakta wenyewe. Guka alifanya kazi Industrial Area siku sita kwa wiki, kwa hivyo alikuwa kontrakta wa Jumapili. Jumatatu hadi Jumamosi kontrakta alikuwa Shosho.

Ukifungua daftari utaona hivyo bila kuambiwa, kwa maana lina miandiko miwili. Wa Guka ni mkubwa, umelala upande. Wa Shosho ni mdogo na umesimama wima. Yeye ndiye aliyepokea lori la mchanga na kupanda juu kuangalia kama limejaa. Ndiye aliyelala na mifuko ya simiti ndani ya bafu ili isiibiwe wala kunyeshewa. Ndiye aliyepikia watu wa mkono githeri, na iliyobaki akawauzia mafundi wa ploti za jirani. Pesa ya githeri iko kwenye daftari pia, safu yake peke yake, na kila baada ya kurasa chache inageuka kuwa misumari, mbao, au siku moja ya fundi.

Kuna ukurasa mmoja ambao Shosho ameupigia mstari chini. Fundi alikuwa anachanganya mota, na Shosho akihesabu karai za mchanga. Zikapita zile walizokubaliana. Alipouliza, akajibiwa, "Mama, mambo ya mjengo waachie wanaume." Hakubishana. Fundi alipoenda kula, alifunga jiwe kwenye uzi na kuuning'iniza juu ya ukuta. Uzi uliachana na ukuta upana wa vidole viwili.

Jioni Guka alichukua upande wa fundi. Shosho huwa hafichi sehemu hii. "Aliniambia, Mama Njeri, wewe umeanza kujenga lini? Nikamwambia, Baba Njeri, siku ile ile ulipoanza wewe." Walilala bila kuongea. Jumapili Guka akashika uzi mwenyewe. Akauangalia kwa muda, akavua shati, na wote wawili wakabomoa kozi tatu za mawe. Chini ya tarehe hiyo kuna mwandiko wa Guka, neno moja tu: Tumerudia.

Walihamia mwaka 1978, chumba kimoja, bila plasta. Cha pili wakapangisha kabla hata hakijapata mlango mzuri, na kodi yake ikanunua mabati ya cha tatu. Dandora nzima ilikua hivyo, chumba kikizaa chumba.

Karatasi ya ploti, lakini, ilikuwa na jina moja. Sitaki kuudanganya umma: mradi haukuwafungia wanawake mlango. Mama aliyekuwa kichwa cha familia aliweza kuomba ploti na kuipata, na walikuwepo wengi. Aliyeolewa ndiye mara nyingi alipotelea ndani ya jina la mume. Shosho hakuliona kama tatizo. Alikuwa na kazi ya kufanya.

Guka alipofariki, ndugu wawili wa babangu walipata mtu wa kununua, abomoe ajenge fleti. "Hii ni nyumba ya mzee," mmoja alisema kwenye mkutano, "na mzee ametuachia sisi." Hakuwa na ubaya. Alikuwa na karo ya kulipa. Na ni kweli mshahara wa Guka ndio uliolipia mawe mengi.

Kwa sheria yetu ya urithi, mjane mwenye watoto ana haki ya kutumia mali ya mume iliyobaki kwa maisha yake. Inamlinda, lakini inaanza kwa kukubali kwamba mali ilikuwa ya mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inauliza swali tofauti: nani alichangia? Na mchango, inasema, si pesa tu. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia mali, zote zinahesabiwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema mgawo wa nusu kwa nusu hauji wenyewe, lazima mchango uonyeshwe. Kesi hiyo ilihusu waliotalikiana, kwa hivyo haimalizi mambo yetu. Lakini nilipoisoma nilifikiria sufuria iliyo juu ya kabati. Ni wanawake wangapi wa Dandora walichunga simiti usiku, na hawana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha?

Shosho aliniambia nisome kwa sauti. Nikasoma: simiti, mchanga, githeri, mvua. Nilipofika kwenye "Tumerudia", yule ami yangu alisimama akatoka nje. Nilimwona akipapasa ukuta wa chumba cha kwanza, mahali alipozaliwa. Aliporudi alisema mnunuzi anaweza kusubiri. Bado anasubiri, na jina kwenye karatasi bado ni moja. Tumeanza kufuatilia, na foleni ni ndefu.

Nililipeleka daftari kwa cyber nikapiga kopi ya kila ukurasa. Nilipolirudisha, Shosho aliomba kalamu. Gata ya nyuma inavuja, kwa hivyo aliandika tarehe, na chini yake: fundi hajakuja.