Plaizi ya Mchina, ya Mjerumani na ya Mmarekani

Mnisamehe kwa kupotea, mitihani ilinibana. Leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kantini. Juzi usiku jamaa zangu wa chumbani walibishana mpaka saa nane kuhusu plaizi za kuchunia waya, zile za otomatiki, unaminya mara moja na ganda linatoka lenyewe. Hukumu yao ilikuwa fupi: Mjerumani ndiye baba lao, Mchina feki, kesi imefungwa. Mimi nilikaa kimya. Nina kisa changu, na ni cha aibu.

Mwaka jana nilikuwa fildi Makambako, kwa fundi umeme mmoja mzee. Shangazi yangu anakaa Njombe mjini. Akanipigia simu: "Mwanangu, si unasoma umeme? Njoo unifungie soketi jikoni." Nikapanda kosta, kama kilometa 60 hivi, nikiwa na plaizi mpya ya otomatiki niliyoinunua sokoni. Mpini unang'aa, jina la kiwanda halipo.

Ilikuwa Julai, na Njombe mnaijua, mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ganda la waya ni plastiki ya PVC, na kwenye baridi linakuwa gumu. Nikaminya, likateleza. Nikakaza kile kiskrubu cha kurekebisha, nikaminya tena, likatoka safi kabisa. Nikajiona injinia. Kumbe visu vilikuwa vimepita ganda vikaingia kwenye shaba.

Wiki tatu baadaye shangazi akapiga simu: soketi imeyeyuka, jikoni moshi, na mtoto alikuwa amelala chumba cha pili. Ni harufu tu iliyomwamsha. Nilienda na mzee wangu, tukafungua. Waya wa milimita za mraba 2.5 ulikuwa na nyuzi 7. Zilizokuwa zimeshikwa na skrubu ni 4. Tatu nilizikata mwenyewe. Muunganiko ukawa legelege, ukachemka kila birika lilipowashwa, mpaka plastiki ikaungua. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, ukishachuna, hesabu."

Tangu siku hiyo nikaanza kufuatilia: hivi vifaa vilitoka wapi?

Tuanze Marekani. Mwaka 1857 huko Chicago, fundi wa nyaya za simu za telegrafu alimpelekea mhunzi Mathias Klein plaizi iliyovunjika. Klein akatengeneza nusu moja, na baadaye nusu ya pili, na hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya Klein Tools. Miaka hiyohiyo Wamarekani wakaanza kutumia kipimo chao cha unene wa nyaya, AWG. Baadaye kampuni ya Ideal, iliyoanzishwa 1916, ikatoa plaizi ya otomatiki inayoitwa Stripmaster. Ina taya mbili: moja inashika waya, nyingine inakata ganda na kulivuta. Visu vyake vina mashimo, kila shimo na saizi yake.

Hapa sasa ndipo penye mtego. Toleo lenye vipimo vya AWG ni kifaa kizuri mno, ila kimepimwa kwa nyaya za kwao. AWG 14 ni milimita za mraba 2.08, AWG 12 ni 3.31. Sisi soketi tunatumia 2.5, ambayo iko katikati. Ukitumia shimo dogo unakwaruza shaba, ukitumia kubwa ganda linaweza kubaki. Kwa hiyo chuma bora cha Marekani kinaweza kukuharibia kazi Makambako, na wala si feki. Kimezoea waya mwingine tu.

Twende Ujerumani. C. Gustav Putsch alifungua kiwanda chake mwaka 1882 Cronenberg, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Wuppertal. Ndiyo kampuni ya Knipex. Plaizi zao za kujirekebisha hazina mashimo. Visu vinajipanga kufuata unene wa waya. MultiStrip 10 inachuna kuanzia milimita za mraba 0.03 hadi 10. Kwetu inafaa, maana nyaya zetu zinapimwa kwa milimita kama zao. Jamaa zangu hapo wana haki yao.

Lakini Mchina? Kaeni vizuri. Mzee wangu wa Makambako ana plaizi ya kawaida, si ya otomatiki, ina herufi za Kichina zilizokwisha kufutika. Aliirithi kwa baba yake aliyefanya kazi kwenye reli. TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa 1976. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote, madaraja na mahandaki matupu. Kwa hiyo kwa mzee huyu "cha Mchina" maana yake ni kitu kisichovunjika. Kwetu sisi vijana ni tusi. Nchi ni ileile. Kilichobadilika ni oda: kiwanda kinatengeneza kwa bei aliyoitaka mwagizaji, na mwagizaji anataka bei tunayoweza kulipa sisi. Tena jina la Kizungu kwenye mpini halithibitishi kwamba kifaa kimetengenezwa Ulaya.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu nyumba zinazofungwa umeme kwetu ni nyingi sasa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya 2005, ukaanza kazi 2007. Mwaka 2018 ile njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikafika Songea. Kila kijiji kinachopata umeme kinahitaji fundi wa kufunga nyumba, na wengi wetu tunaanza na plaizi ya bei rahisi. Haina ubaya, mradi uijaribu kabla hujaiamini. Chukua kipande cha waya uleule utakaoutumia, kwenye baridi ileile, uchune mara kumi. Tazama shaba kama ina mkwaruzo. Hesabu nyuzi. Ikikata hata moja, legeza skrubu. Ikikataa, rudi kwenye kisu na subira. Muhuri wa nchi hautakwambia hayo.

Soketi ya shangazi nimeibadilisha, na waya mpya nikavuta. Nyuzi 7, nimezihesabu mara mbili mbele yake. Akanishukuru, akanikaribisha chai. Ila maji ya chai aliyachemshia kwenye jiko la mkaa.

Tuko pamoja wadau. Nawahi lekcha.